Mtumbwi Unaovuja

Hewani, 9 Agosti 1953

Mume wangu Hudson Komora,

Nakusalimu kwa jina lake Bwana aliyekulinda wewe na mizigo ya bandarini, akatulinda na sisi huku na mamba. Maji ya mto yameshuka, mpunga wa bondeni umesimama vizuri, ni ndege tu wanaotutesa. Sauti imenikauka kwa kuwafukuza.

Umeniuliza juu ya Magreti, kama ameanza kusema tangu uondoke. Basi sikia. Juzi tulikuwa pale mtoni tunapofunga mitumbwi, ndugu yako Josiah akapita akienda Garsen. Mtoto akamtazama, akasema, "Baba." Nikamwambia, "Huyo si baba, baba yuko Mombasa." Akasema tena, "Baba!" Tukacheka sote, Josiah naye akacheka.

Anapenda maji. Ule mtumbwi wako wa zamani uliopasuka ubavuni bado umekaa pale pale, ndani ya ule ua wa miti tuliouchimbia kuzuia mamba. Magreti hukaa humo na upo, kile kibuyu kilichokatwa, akitoa maji. Yanaingia, anayatoa, yanaingia, anayatoa. Hachoki. Nimemzaa nimeshapita miaka arobaini, kama Elisabeti, na Mungu amenipa mtoto wa kazi.

Njoo utuone. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke.

Mimi mkeo,
Lois


Mombasa, 2 Oktoba 1953

Mama Magreti,

Barua yako imechakaa kwa kusomwa. Wenzangu chumbani wananitania, "Nyapara, hebu turudie pale mtoto aliposema Baba." Nami nawarudia, kwani naona haya? Mtu wa umri wangu, mwenye kichwa kilichoanza mvi, nina mtoto anayeniita.

Nimempa dereva wa lori viatu vyekundu vya Magreti na gauni. Mfundishe kuhesabu. Nikija nataka tukae mtoni anihesabie mitumbwi.

Mumeo,
Hudson Komora


Hewani, 20 Juni 1954

Mume wangu,

Salamu nyingi, na asante kwa vitu. Viatu vimemkaa vizuri sana. Ameshajua kuhesabu mitumbwi hadi saba, ya nane humtatiza, huirukia akasema tisa. Kila jioni anauliza, "Baba atakuja na lori lipi?" Nami namwambia, litakalokuja.

Josiah anakuja huko mwezi ujao kutafuta kazi. Mpokee.

Lois


Mombasa, 28 Novemba 1954

Mama Magreti,

Josiah amefika tangu Agosti, yupo nami kwenye genge langu. Likizo ya Krismasi haikupatikana. Meli ni nyingi. Nimetuma kibao cha kuandikia na chaki kwa ajili ya mtoto. Mwambie baba yake anamsalimu.

Hudson Komora


Mombasa, 11 Desemba 1955

Mama Magreti,

Mwaka huu pia sitakuja. Meli ni zile zile. Je, Magreti ameshaweza kuandika jina lake?

Hudson Komora


Hewani, 8 Januari 1956

Baba Magreti,

Kabla hujasoma, kaa chini. Na kama wenzako wako karibu wakikuambia soma kwa sauti, usisome.

Magreti hajasema "Baba." Hajasema "Mama" wala neno lolote. Mwezi huu ametimiza miaka sita, na mimi niliyemzaa sijaitwa na mtu. Yote niliyokuandikia niliyatunga. Ile siku Josiah alipopita mtoto hakumtazama, kwa kuwa hamtazami mtu. Hesabu za mitumbwi zilikuwa zangu. Hata ule wa nane nilikaa nikaufikiria, nikasema, mtoto asiyekosea hata kidogo Hudson hatamwamini. Ona nilikofikia. Viatu vyekundu alivitupa mtoni siku ile ile. Kimoja kilikwenda na maji, cha pili ninacho.

Sikufanya hivyo kukudhihaki. Barua ya kwanza nilitaka ufurahi, basi. Ya pili nilishindwa kurudi nyuma. Halafu, nikuambie kweli yote, nikaanza kumpenda yule mtoto wa kwenye barua. Nilikuwa nikishika kalamu ndipo anaponiita. Nimemwomba Mungu anisamehe, kisha nikaketi nikaandika nyingine.

Huyu wa kweli ni hivi. Hutembea kwa ncha za vidole. Hukusanya koma, yale matunda magumu ya mti wa mkoma, zilizoanguka akazipanga mstari kutoka mlangoni mpaka jikoni, na ukiisogeza moja atalia mpaka uirudishe pale pale ilipokuwa. Mimi huona zote sawa, yeye anajua. Wanawake wakianza kutwanga huziba masikio na kujing'ata mkono mpaka damu. Kutwa yumo mle mtumbwini anatoa maji. Watu wanasema ni kiziwi, wengine wanasema amechukuliwa na kitu cha mtoni. Nilimpeleka kwa siri kwa mganga karibu na Kipini, mimi mke wa kanisani. Nikaona haya kwa Mungu na haikusaidia kitu. Wakasema basi ni dhambi ya wazazi. Hapo nilikataa. Nalishika lile jibu la Bwana juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake, silipokei jingine.

Sasa sababu ya kukuandikia. Nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari aliyekuja Garsen kuchanja watu aliushika, akaacha kucheka, akasema nije hospitali huko Mombasa nikatwe kabla ya mvua kufunga njia. Nikingoja, alisema, nitaacha mtoto. Nikamuuliza, "Na nikija nimwache na nani?"

Jirani yetu Kalla alisema, "Mfunge kamba kama mbuzi, Mama Magreti, utarudi umkute." Alisema kwa kicheko. Lakini kamba alikuwa nayo mkononi.

Mamba wapo, Hudson, na mtoto hajui hofu. Njoo umshike, au nikae nife naye. Sina la tatu.

Lois


Mombasa, 19 Januari 1956

Lois,

Nitakuja. Nimeomba ruhusa, lori la Garsen ni Jumatatu ya tarehe sita Februari, hufika mchana na kurudi jioni hiyo hiyo. Lililonileta ndilo litakalokuchukua.

Sasa nami nikuambie, kwa kuwa umetangulia kusema kweli. Nilijua. Josiah aliniambia wiki ile ile aliyofika, Agosti ya mwaka wa hamsini na nne. Nilimsomea barua yako ya mitumbwi saba, akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Nini?" Akasema, "Kaka, nisikudanganye. Mtoto yule hasemi." Nilimfukuza chumbani, nikamrudisha kesho yake.

Meli hazikuwa nyingi. Likizo ilikuwapo mara zote mbili. Nilifika hadi penye malori, nikarudi.

Utaniuliza kibao nilikitumia nini. Sijui nikujibu vipi. Barua zako zilikuwa na mtoto niliyemtaka, na nilijua nikiuliza la kweli utanijibu la kweli, halafu yule mwingine atakufa. Basi nikawa nauliza yale yale.

Hudson


Hewani, 5 Februari 1956

Hudson,

Karatasi hii nitakutia mkononi kesho pale Garsen, maana lori halingojei watu waseme yao.

Kwanza, nimekasirika. Miaka miwili nimebeba dhambi ya uongo peke yangu mbele za Mungu, kumbe mwenzangu umekaa upande wa pili unaushika mkia wake. Ningekuwa na mtu wa kunishika mkono. Hilo nimelisema, silirudii. Kama nitapona tutaligombania vizuri tukiwa tumekaa.

Sasa mtoto. Soma polepole.

Hana uziwi. Nikimenya ndizi nyuma ya nyumba hunifikia mbio, na bado ukimwita "Magreti" karibu na sikio haongezi mwendo wala hapunguzi. Jina lake tu ndilo halimfikii. Usidhani ni kiburi, usimpige. Kupigwa hakumfundishi kitu ila kuogopa mkono, na mkono ndio anaoutegemea. Kwa sababu akitaka jambo hasemi wala haoneshi kidole. Atakushika hapa penye kifundo, atauchukua mkono wako auweke juu ya kitu. Ukiwa juu ya mtungi, ni maji. Ukiwa juu ya komeo, anataka kutoka. Atakuwa anatazama pengine kabisa. Mwanzoni iliniuma, nilijiona kama mwiko wa jikoni. Lakini mkono wa Kalla haushiki, wala wa mkewe. Basi na mwiko huchaguliwa.

Hula ndizi za kuchemsha, bila samaki, bila nazi, kwenye lile bakuli la bati la buluu. Ukilikosa bakuli usihangaike kupika. Asubuhi mtoke kwa mlango wa nyuma, mpite kwa ule mkoma uliopinda, mfuate ua mpaka mtumbwini. Njia hiyo, hata ikiwa na tope. Nyingine ni fupi, najua, usiipite. Wakitwanga, mwondoe. Ukimpapasa kwa vidole vyepesi hulia kama umemchoma, ila ukimfunga leso ukambana kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo, hutulia na kuvuma kooni kama nyuki. Kuvuma huko ni furaha. Mimi nimetafsiri hivyo, na Mungu anisahihishe kama nimekosa.

Leso yangu ya njano nimeiacha juu ya kamba ndani. Usiifue.

La mwisho ni langu mwenyewe. Miaka sita sijui kama mimi ni mtu kwake, au ni mkono tu wa kufungulia mlango. Nikiondoka utaona. Tazama, halafu uniandikie: amenitafuta? Kama hakunitafuta, andika hivyo hivyo. Usinitungie. Mimi nimetunga vya kututosha wote wawili.

Lois


Hewani, 20 Februari 1956

Mama Magreti,

Nakusalimu sana. Sisi hatujambo. Magreti ni mzima, anakula vizuri, tumeshazoeana.

Pale Garsen hata sikukuuliza unaumwa wapi. Nilikaa miaka mitano nikipanga nitakachokuambia, halafu ukanipa karatasi na mkono wa mtoto, ukapanda, ukakaa mahali nilipotoka mimi, pengine pakiwa bado na joto langu. Dereva akapiga honi, Magreti akapiga ukelele, nawe hukugeuka. Nilifikiri ni hasira. Kalla, aliyetuleta na mtumbwi, aliniambia, "Angegeuka angeshuka, bwana. Huoni hata hilo? Mombasa walikufundisha nini?"

Nyumba naitengeneza polepole. Na ule mtumbwi wa zamani nimeuziba. Nilikuja na lami kidogo, nikaukausha, nikapachika ubao na kuukalafati nyufa zake kwa pamba, hauingizi hata tone. Nilisema mtoto asikae kwenye maji machafu kutwa, na mtumbwi mzuri kama ule kuoza ni aibu kwa mwanamume aliyerudi kwake.

Mengine ni salama. Kuhusu lile uliloniuliza, bado natazama.

Mumeo,
Hudson


Mombasa, 3 Machi 1956

Hudson,

Umeuziba mtumbwi!

Ninaandika nimelala ubavu, samehe mwandiko. Nimekatwa Jumanne. Waliondoa uvimbe na titi lenyewe. Mwuguzi anasema kidonda ni safi. Kitanda cha pili yupo bibi mmoja wa Kigiriama, Kanze, aliyevunjika nyonga, na ulimi wake uko mzima. Aliniona nimeshika barua yako nalia, akaniuliza, "Amekufa nani?" Nikamwambia, "Hakufa mtu. Mume wangu ameziba mtumbwi uliokuwa unavuja." Akasema, "Ee! Wangu mimi alikaa miaka thelathini hakuziba hata paa. Wako anaziba mtumbwi na wewe walia? Hebu walete hao madaktari wakutazame na kichwa."

Nikamweleza. Akasema, "Basi amemwibia mtoto kazi yake." Bibi asiyejua hata herufi moja ameliona, na wewe nyapara hukuliona.

Hudson, mtoto hachezei maji machafu. Maji yanaingia, naye anayatoa. Kila siku yapo, kila siku yanamngoja. Katika dunia yote hii inayompigia kelele, hicho ndicho kitu kimoja anachokielewa mwanzo wake na mwisho wake. Umemkausha.

Na sasa uniambie kweli. Unaandika anakula vizuri. Hukutaja bakuli. Hukutaja ndizi. Mimi ndiye mwalimu wa barua za namna hiyo, nazijua kwa harufu. Nadhani hajala. Nadhani mkono wake una vidonda. Nipo huku nimelala, siwezi hata kuinua mkono wa kushoto kujifunga leso, usinifanye nisome mtoto ambaye hayupo. Uliwahi kuzisoma barua za hivyo wewe. Zilikushibisha?

Utoboe.

Lois


Hewani, 18 Machi 1956

Mke wangu Lois,

Hakuwa amekula. Nilipokuandikia ilikuwa siku ya tatu. Baada ya kuuziba alikwenda asubuhi kwa njia yake, mimi nyuma yake, nimejaa majivuno kama fundi anayengoja kusifiwa. Akaingia mtumbwini, akakaa, akachovya upo. Ukagonga mbao kavu. Akachovya tena. Kisha akanishika mkono, akauweka chini pale kwenye mbao. Mimi nikasema, "Ndiyo, mwanangu, pakavu, baba ameziba." Akauweka tena kwa nguvu zaidi. Nikacheka. Alianza kulia saa hizo, akajing'ata, akapiga kichwa ubavuni mwa mtumbwi mpaka nikamwondoa kwa nguvu. Kesho yake vile vile, na kesho kutwa. Nilitia maji kwa ndoo nikadhani nimepata dawa. Aliyatoa yote, akangoja, hayakuingia mengine, akaanza upya kulia. Siku ya nne alikula ndizi nusu, ya tano moja. Aliishi hivyo mpaka barua yako ilipofika. Bakuli lako nilikuwa nimelihifadhi juu, nikampa sahani mpya niliyokuja nayo. Haya, hilo nalo nimelisema.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nikachukua patasi na nyundo, nikashuka mtoni mchana wa jua, watu wakitoka mashambani. Lois, mimi ni mtoto wa mto huu. Baba yangu alichonga mitumbwi. Hakuna mwanamume Hewani aliyewahi kuonekana akitoboa mtumbwi mzima kwa mkono wake, tena kazi yake mwenyewe! Kalla alikuja na kundi zima.

"Bwana Nyapara! Unatafuta nini humo, dhahabu?"

"Natafuta maji."

"Maji si hayo mto mzima? Jamani, tazameni. Mwezi uliopita aziba, mwezi huu atoboa. Mwezi ujao atauza matundu."

Wakacheka mpaka wakaketi. Nilipiga patasi. Nakuambia kweli, ilikuwa kama kumchoma mtu. Nikaifumua kalafati, nikang'oa ubao, maji yakaingia polepole kama zamani. Magreti alikuwa amekaa kando, amejiziba masikio kwa sababu ya nyundo. Nyundo iliponyamaza akaondoa mikono. Akaja, akaingia, akakaa pale pale, akachovya. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu nikasikia ile sauti uliyoniandikia, ya nyuki.

Watu walikuwa bado wanacheka, kisha kicheko kikapungua chenyewe. Kalla akasema, "Kumbe anaimba." Hakusema tena habari ya kamba.

Tangu siku hiyo nakaa naye ndani ya mtumbwi. Simsemeshi. Maji yakimpita mimi huyaacha, ni yake. Nimejifunza koma zake pia, si zote sawa, Lois. Kuna zenye jicho na zisizo na jicho. Anazipanga zikitazama mtoni.

Sasa lile swali lako. Nisome vizuri.

Wiki tano za kwanza sikuona kitu. Ningekuandikia hivyo, kama ulivyotaka. Alipita chini ya leso yako kila siku bila kuinua macho. Lakini Alhamisi iliyopita, asubuhi, nilikuwa namenya ndizi, akaja akanishika kifundo. Nikajua ni maji. Akaupita mtungi. Nikajua ni mlango. Akaupita mlango. Akanipeleka kwenye kamba, akauinua mkono wangu juu, akauweka kwenye leso yako ya njano.

Nikaishusha nikampa. Akaiacha ianguke. Akauchukua mkono wangu tena, akauweka juu ya leso pale chini ilipolala. Nikaiokota, nikamfunga nayo kwa nguvu kama ulivyoeleza. Akajivua. Mara ya tatu akauweka mkono wangu juu yake, akabana. Nikawa sielewi, nikasema kwa sauti kama mjinga, "Unataka nini, mwanangu? Nikufungulie nini?"

Akanivuta nje. Hakupita kwa mkoma uliopinda. Alishika ile njia fupi, asiyoipita kamwe, akanipeleka hadi penye mtumbwi mwingine, ule wa Kalla uliotuleta kutoka Garsen. Akauweka mkono wangu juu ya kafi. Kisha akaingia akakaa mbele, na leso ikiburutika nyuma yake, akatazama kule Garsen. Akangoja.

Nilipiga kafi, Lois. Ningefanya nini? Nilimpeleka mpaka Garsen, mpaka penye malori. Akashuka, akaenda pale pale ulipopandia, akasimama kwa ncha za vidole. Hakulia. Tulikaa mpaka jua lilipoinama, tukarudi. Kesho yake akauweka mkono wangu kwenye leso tena.

Miaka miwili uliniandikia kwamba mtoto ananiuliza mimi. Basi leo mimi ninakuandikia kwamba mtoto anakuuliza wewe. Na kwa kuwa nyumba yetu imeshajiharibia jina kwa barua za uongo, nimemwita Kalla aweke dole gumba hapa chini. Alikuwapo, mtumbwi ulikuwa wake, na amelalamika tumemchelewesha nyavu zake siku mbili.

Mumeo,
Hudson

(Dole gumba la Kalla. Anasema: ni kweli, na kafi langu lirudishwe.)


Mombasa, Jumatatu ya Pasaka, 2 Aprili 1956

Hudson wangu,

Nimesoma. Nimemsomea Kanze mara mbili, akaniambia, "Nipe niliguse hilo dole." Akalishika kwa kidole chake muda mrefu. Hakufanya mzaha wowote, na kwa bibi yule hiyo ni sala nzima.

Jana tuliimba wodini nyimbo za Ufufuo. Mimi sikuimba. Nilikuwa navuma tu kooni.

Daktari ameniruhusu. Amesema nirudi baada ya miezi sita atazame kama kuna kilichobaki. Nilimuuliza kama kitabaki, akasema yeye hajui. Nimempenda kwa kusema hajui. Miezi sita ni mingi, Hudson. Tutaigawana.

Nakuja na lori la Jumatatu ijayo, tarehe tisa, kabla mvua hazijafunga njia. Najua utataka kumleta Garsen anilaki. Usimlete. Gari lina honi, watu ni wengi, nami nimebadilika upande mmoja. Nataka anikute mahali anapopajua. Njoo peke yako, yeye umwache mtumbwini, mke wa Kalla akae nje ya ua, asitwange.

Tukifika usimwambie asimame, wala usimwambie, "Mama huyu hapa." Usitie maneno yoyote kinywani mwake. Mwache atoe maji yake. Mimi nitavua viatu, nitaingia polepole mpaka miguu ilowe, nikae kwenye mbao upande wake wa kushoto, ninapokaa siku zote. Sitamtazama. Mkono wangu nitaulaza juu ya goti, mtupu.

Leso iache kwenye kamba.

Lois